Jiwe la Ratili Moja

Jiwe la ratili moja,
nalishika, nalingoja
lipate kutoa hoja;
limo mwangu kiganjani.

Wete, baada hitima,
watu walipoinama
karatasi kuzichoma,
nililikuta mezani.

Ami, Subeti wa Faki,
hata mti hamiliki;
kazi yake kuhakiki
karafuu za ghalani.

Alisoma chuo, kisha
skuli kwa kubangaisha;
hesabu zikampisha
mlango wa ukarani.

Mtu Mtambwe huleta
gunia akikokota,
mizani yaona kuta,
mwenye mali haioni.

Mbili, tatu hupungua,
naye ami akijua;
kinywa hakukifungua,
miaka kumi ya soni.

Ukaja wito wa boma:
"Tunataka mtu mwema
asozoea kusema,
akakae Barazani."

Ami akashona koti,
kwa deni la mwaka, eti;
akapanda nalo boti
hata Unguja mjini.

Malindi kapanga chumba
na mfua bati wa Pemba;
usiku hoja kuumba,
kibatari kitandani.

Kule lugha ni ya kwao,
ami yumo kati yao,
nusu ya maneno yao
hushika; nusu, nyusoni.

Mwaka wa kwanza kakaa,
wa pili akashangaa,
wa tatu, mwaka wa njaa,
akasimama kitini:

"Mabwana, sina maneno
mengi; na huu mkono,
si hadithi, si mfano,
umeiba kwa mizani.

"Mizani na igeuzwe,
mwuzaji asipumbazwe,
kila jiwe lichunguzwe,
mwizi atozwe faini."

Mmoja akakohoa,
mwingine saa katoa;
wakaiacha kupoa,
iwe vumbi kabatini.

Kila kikao hurudi,
akadai kwa juhudi,
mkewe akiradidi:
"Hatuna hata sabuni!"

Ikapita Jumatatu
mbele ya watu watatu;
hakupiga kofi mtu,
ila mvua batini.

Sasa niseme la kwangu,
nisilivishe ukungu:
wa kwanza ni baba yangu
kusimama kizimbani.

Jiwe lilionja tupa,
wakia tatu katupa;
tukala, tukanenepa
kwa jiwe hilo, nyumbani.

Baba usiku kaenda
kwa nduguye, na matunda:
"Sheria umeiunda,
ifumbe jicho, jamani."

Ami kamimina chai,
akasema: "Sikatai
undugu; ila sifai
kuwa kuta za mizani."

Faini yalipwa papo
na mtu asokuwapo.
Baba hakwenda alipo
nduguye, hata Idini.

Nami nikitumwa soko
hupita kwa mzunguko,
kukwepa ami aliko,
kama mdaiwa deni.

Na kiti hakikudumu;
wenye ghala wana hamu
ya mtu wao, na zamu
ikaisha ya karani.

Koti akalitundika,
ghalani akaandika;
mizani sasa yacheka
na mchumaji, usoni.

Wale wale wachumaji
hawajui mtungaji;
mizani kwao ni maji,
huja tu, mferejini.

Chini ya jiwe, risiti:
jina la baba, na hati
ya ami, ile thabiti
ya kalamu ya ghalani.

Baba amekaa nje.
Hajui; nimwambieje?
Risiti naichomeje?
Moto ungali uwani.

Nimelipima uzito
kwa kiganja cha mtoto
aliyenona kwa pato:
wakia tatu, sioni.